Ahadi ya Jalada: Nasaha kwa Wasanifu wa Majarida ya Muziki

Miaka mingi iliyopita vijana saba wa mji wetu, waliokuwa wakipenda taarabu na dansi kuliko chakula, walinijia kuniomba niwasaidie kutoa jarida la muziki la kurasa 32, nami kwa kuwa niliwahi kufanya kazi katika matbaa, na kwa furaha ya kushirikishwa, nilikubali bila ya kutaka wasaa wa kufikiri. Jalada tulilolitengeneza lilikuwa na picha ya kundi zima la wanamuziki 14, kila mmoja na ala yake mkononi, na juu ya picha hiyo tuliandika vichwa 11 vya habari kwa herufi za manjano, ilhali mavazi ya waimbaji yalikuwa meupe. Na jina la jarida, kwa kuchelea lisimzibe mtu uso, tulilishusha chini kabisa. Siku ya tatu nilikwenda kwa muuza magazeti wa stendi ya mabasi kutazama mambo yanakwendaje, nikasimama mbele ya meza yake nikilitafuta kwa macho nisilione. Nilipomwuliza, alinyosha mkono akalichomoa chini ya mengine, kwani majarida yake aliyapanga kama vigae vya paa, moja limelalia jingine, kiasi cha kuonekana vidole vinne tu vya sehemu ya juu, akaniambia kwa upole: “Mwalimu, ninalo tangu Jumatatu. Ila wateja wanaona vichwa vya watu tu, hawajui ni gazeti la nini.”

Tangu siku hiyo nimelichukua jalada kuwa ni ahadi. Jarida la muziki huuza kitu ambacho karatasi haiwezi kukitoa, nacho ni sauti. Mnunuzi anapolitazama hasikii udi wala gitaa wala pumzi ya mwimbaji, husikia kwa macho, na kwa macho hayo huamua, kabla hata ya kutia mkono mfukoni, kama ndani mna watu anaotaka kukaa nao. Kila ikhtiari ya msanifu, ya ukubwa wa herufi, ya rangi, ya picha ipi ikatwe wapi, ni sehemu ya ahadi hiyo, na ukurasa wa yaliyomo, ambao wengine huuita fahirisi, ni mahali pa kwanza ambapo msomaji huangalia kama ahadi imetimizwa au amehadaiwa. Ndiyo sababu naziweka sahifa hizi mbili pamoja katika nasaha yangu, ingawa desturi ni kwamba jalada hupewa wiki mbili za mashauri na fahirisi hupewa usiku wa mwisho, wakati kila mtu amechoka na mpiga chapa amekwisha kutuma mtu kuuliza.

Tuanze na jina. Mwaka 1986 waandishi wawili wa Uingereza, Mark Ellen na David Hepworth, walipokuwa wakianzisha jarida la muziki la kila mwezi, jina lililokusudiwa kwanza lilikuwa Cue, kwa maana ya kuitega santuri tayari kupigwa. Likaachwa kwa kuchelea watu wasidhani ni jarida la mchezo wa snuka, ambao fimbo yake kwa Kiingereza huitwa kwa neno hilo hilo, na tena kwa sababu herufi moja peke yake, Q, ingeonekana kwa mbali zaidi penye meza ya magazeti kuliko neno zima. Herufi hiyo nyeupe ndani ya mraba mwekundu ilidumu hadi jarida lilipofungwa mwaka 2020, na mtu aliyekuwa akilitafuta hakuwa na haja ya kusoma, alitafuta wekundu tu. Jarida jingine la huko huko, Kerrang!, lililotoka mara ya kwanza mwaka 1981, lilichukua jina lake kutoka mlio wa gitaa la umeme linapopigwa kwa nguvu, na herufi zake zimechorwa zikiwa na nyufa, mithili ya kioo kilichopigwa jiwe. Mtu asiyejua neno moja la Kiingereza akiitazama nembo hiyo atatambua mara moja kuwa muziki uliomo si wa kutuliza. Hapa pana funzo la aina mbili: herufi za jina zina sauti yake hata kabla ya kutamkwa, na sauti hiyo sharti iwe ya muziki unaouandika. Jarida la taarabu lililoandikwa jina lake kwa herufi za Kerrang! limekwisha kusema uwongo kabla ya kufunguliwa.

Basi liweke jina lako ndani ya vile vidole vinne vya juu, lianzie upande wa kushoto, na usiruhusu kichwa cha mwimbaji kulifunika ila pale ambapo wasomaji wamelizoea kiasi cha kulijua kwa kuona nusu yake. Rolling Stone la Marekani hufanya hivyo mara kwa mara, uso wa mtu ukapita mbele ya herufi zake; lakini lilianza mjini San Francisco tarehe 9 Novemba 1967, na nembo yake ya kwanza ilichorwa na Rick Griffin, mchoraji wa mabango ya muziki ambaye mkono wake ulikwisha julikana na vijana wa mji ule, hivyo jina lile lina miaka mingi ya kukumbukwa inayoliwezesha kufunikwa bila kupotea. Jarida lako lenye matoleo mawili halina akiba hiyo.

Jarida hilo hilo ndilo lililotoa jalada ambalo kila msanifu wa muziki hutajiwa. Tarehe 8 Desemba 1980 mpiga picha Annie Leibovitz alimpiga picha John Lennon akiwa uchi, amejikunja kama mtoto, amemkumbatia mkewe Yoko Ono aliyevaa nguo nyeusi. Saa chache baadaye Lennon aliuawa kwa risasi. Toleo la tarehe 22 Januari 1981 lilitoka na picha ile na jina la jarida, hapana kichwa cha habari hata kimoja, na mwaka 2005 wahariri wa majarida wa Marekani walilichagua kuwa jalada bora la miaka 40. Nimewaona vijana wengi wakilitazama kisha wakaazimia kufuta maneno yote katika majalada yao, wakidhani kuwa ukimya wenyewe ndio uzuri. La. Ukimya ule uliwezekana kwa kuwa dunia nzima ilikuwa imekwisha kusikia habari, na neno lolote ambalo mhariri angeliongeza lingekuwa dogo mbele ya msiba. Mwimbaji mchanga ambaye hata jirani zake hawajamsikia, ukimweka jaladani peke yake bila jina, umemleta mgeni barazani ukakaa kimya usimtambulishe kwa mtu. Mpe jina lake kwa herufi zinazosomeka hatua kumi mbali, na chini yake sentensi moja ya kueleza kwa nini leo ni siku yake.

Katika habari ya picha liko jambo ambalo vitabu vya usanifu vya ugenini hulipita upesi, na ambalo kwetu ni zito, nami sitalipita. Picha iliyochapwa hufanywa kwa nukta ndogo mno za wino, na karatasi ya bei nafuu hunyonya wino hata nukta hizo zikavimba na kugusana, kwa hiyo kila kivuli kilichokuwa cha kadiri kwenye kompyuta hutoka matbaani kizito zaidi. Uso mweupe hustahimili dhara hiyo, kwa kuwa una nafasi kubwa ya karatasi tupu; uso mweusi, ambao uzuri wake wote umo katika tofauti za upole baina ya kivuli na kivuli, ndio unaoumia. Nimeziona picha za waimbaji wetu wakubwa, zilizopigwa kwa ustadi, zikichapwa hata jicho halionekani, shavu na ukuta ulio nyuma vimekuwa kitu kimoja, na mama aliyevaa kanga yake ya sikukuu amebakia kanga bila mama. Hili hunihuzunisha kuliko kosa lolote jingine la chapa, kwa sababu mtu huyo alikubali kuketi mbele ya kamera akiamini kuwa tutamwonyesha.

Dawa yake haina gharama. Mwombe mpiga picha amweke mwimbaji karibu na dirisha lililo ubavuni mwake, si nyuma yake, ili nuru ichore mfupa wa shavu na ukingo wa pua na kung'aa kidogo kwenye paji la uso. Kilichoko nyuma yake kiwe na rangi iliyo mbali na rangi ya ngozi, chokaa ya ukuta mkongwe au samawati iliyofifia, wala usimsimamishe penye mlango wa giza. Kisha, kabla ya kupeleka kazi matbaani, ongeza nuru katika vivuli vya kadiri peke yake, si katika picha yote, na udai kuonyeshwa nakala ya majaribio iliyochapwa juu ya karatasi ile ile itakayotumika, maana nakala iliyochapwa juu ya karatasi nzuri ya kung'aa haikuambii lolote. Na tahadhari upande wa pili: kumpa mtu nuru ni jambo moja, kumchujua rangi yake ni jingine, na aliyechujuliwa atajijua, na jamaa zake watajua. Kwa karatasi hiyo hiyo ya kunyonya, jihadhari pia na maneno madogo meupe juu ya weusi, kwani wino huingia katika matumbo ya a na e ukayaziba.

Tazama vile vile mwimbaji anatazama wapi. Jarida letu la herufi za Kirumi hufunguliwa kutoka kulia, mgongo ukiwa kushoto, kwa hiyo uso ulioelekea kulia huuongoza mkono wa msomaji penye kufungulia, na uso ulioelekea kushoto hutazama mgongoni, kana kwamba unarudi ulikotoka. Majarida ya Kiarabu huwa kinyume, na msanifu wa Unguja au Muskati anayepanga jalada la lugha mbili hupata mtihani wa kweli hapa. Usijaribu kuutatua kwa kuipindua picha kama kioo, kwa kuwa mpiga udi aliyepinduliwa amekuwa wa mkono wa kushoto, na wajuzi wa ala wataiona kasoro hiyo kabla ya kuona kitu kingine chochote. Bora kumpiga picha mara mbili, au kumwacha atazame mbele moja kwa moja, msomaji akutane naye macho kwa macho.

Ama maneno ya jaladani, yale 11 yetu yalikuwa mengi kwa saba. Siku hizi nawashauri vijana kuandika kichwa kimoja kikubwa na vingine vitatu vidogo, wala vitatu hivyo visilingane na kile kimoja kwa ukubwa wala kwa rangi, kwa kuwa macho yakipewa mabwana wanne hayamtii hata mmoja. Kichwa kiwe na habari ndani yake. Ukiandika “Mahojiano na nguli wa taarabu” umeandika aina ya habari, hukuandika habari. Ukiandika “Kwa nini nilinyamaza miaka 9” juu ya uso wa mwanamke anayekutazama, umemfanya mpita njia asimame. Na jambo ambalo umelitaja jaladani liwemo ndani kwa kurasa za kutosha. Nakumbuka jarida nililolinunua kwa ajili ya jina la mpiga kinanda mmoja lililokuwa jaladani kwa herufi nyekundu, nikakuta habari yake ni aya mbili na picha ndogo kama stempu. Sikulinunua tena, na nadhani sikuwa peke yangu.

Herufi zenyewe zinahitaji mkono wa fundi zaidi katika lugha yetu, kwani maneno tunayoyaandika makubwa yana tabia zake. Chukua neno TAARABU kwa herufi kubwa: mkono wa T umenyoshwa juu na miguu ya A imetanuliwa chini, hivyo baina yao pana uwazi, A mbili zinazofuata zimekutana miguu na kuachana vichwa, hivyo pana uwazi wa pili wenye umbo jingine, kisha B na U, zilizosimama wima, zimekaribiana. Ukiziacha zilivyo, kwa ukubwa wa jalada, neno huonekana limekatika mahali ambapo ulimi haukatiki. Ivute A ya kwanza iingie chini ya mkono wa T, zibananishe zile A mbili kidogo, ipe U nafasi ya kupumua, kisha ligeuze neno juu chini ulitazame kama umbo tu, bila ya kulisoma. Hapo nyufa zote hujitokeza. Neno YALIYOMO lina maradhi hayo hayo mwanzoni mwake, Y na A. Ama MUZIKI, kwa bahati njema, hukaa sawa karibu peke yake.

Na sasa fahirisi. Msanifu aliyeifikiria kwa ujasiri kuliko wote ninaowajua ni Neville Brody, aliyekuwa msanifu wa The Face, jarida la muziki na mavazi lililoanzishwa na Nick Logan mjini London mwaka 1980. Katikati ya miaka hiyo ya 80 Brody alilichukua neno lenyewe lililo kichwani mwa ukurasa wa yaliyomo, akaanza kulivunja kidogo kidogo, toleo baada ya toleo, herufi moja ikamegwa, nyingine ikawa mstari, hata mwishowe likawa alama tu zisizosomeka. Na wasomaji hawakupotea, kwa kuwa walikwisha kujua ukurasa ule uko wapi na una kazi gani. Kwa maoni yangu hili ni jaribio zuri kuliko mengi yaliyosifiwa zaidi, kwa sababu lilivunja kitu ambacho msomaji hakukihitaji tena, na likaacha nambari za kurasa na majina ya makala yakiwa safi kabisa.

Linganisha na alilolifanya David Carson katika Ray Gun, jarida la Marekani lililoanza mwaka 1992, ambako mahojiano na mwimbaji Bryan Ferry, aliyoyaona hayana ladha, aliyapanga yote kwa fonti ya vinyota na vialama, makala nzima ikawa haisomeki hata kidogo, ingawa maneno yenyewe yalichapwa tena kwa herufi za kawaida nyuma ya toleo hilo. Watu husimulia kisa hiki kwa furaha, na Carson ni msanifu mwenye kipaji kikubwa ambaye alilifanya jarida lifanane kweli na kelele za magitaa yaliyomo ndani yake. Lakini mimi nimekaa upande wa mwandishi, aliyekwenda, akauliza, akasikiliza, akaandika, na upande wa msomaji aliyelipa. Kama mahojiano hayana ladha, yarudishwe kwa mwandishi.

Kosa letu la fahirisi lilikuwa la kawaida zaidi. Katika toleo la pili, mfanyabiashara mmoja alileta tangazo la kurasa mbili jioni ya mwisho, nasi kwa kuhitaji fedha yake tulilitia katika ukurasa wa 8 na wa 9, tukaondoa kurasa mbili za barua mwishoni ili hesabu ibakie 32, kwa kuwa jarida la kushonwa kwa pini hukubali kurasa kwa nne nne tu. Hakuna aliyekumbuka kuwa kila makala baada ya hapo imesogea kwa kurasa mbili. Msomaji aliyefuata ukurasa wa 14 kumtafuta mwimbaji aliyempenda alikutana na tangazo la rangi za nyumba, na kwa wiki nzima nilisimamishwa njiani na watu wanaoniuliza kwa heshima, “Samahani mzee, yule bibi yuko wapi?” Tangu hapo huijaza fahirisi mwisho, baada ya matangazo yote kufungwa, na humpa mtu ambaye hakushiriki kuipanga aketi na nakala, asome kila nambari kwa sauti na kufungua ukurasa wenyewe kwa mkono wake.

Katika kuipanga, mtangulize yule aliyetokea jaladani: jina lake, kwa aina ile ile ya herufi na rangi ile ile iliyotumika jaladani, nambari yake ya ukurasa iwe kubwa kuliko zote, na picha yake ya pili, tofauti na ya kwanza, ili msomaji ahisi amekwisha pokelewa. Nambari ikae ubavuni mwa jina la makala, si kule ng'ambo ya safu kwa msururu wa nukta ambao jicho huteleza juu yake likaangukia mstari wa jirani. Makala kubwa zitengwe na safu za kila toleo, barua, uchambuzi wa santuri mpya, ratiba za maonyesho, kwa kuwa msomaji wa kudumu huziendea safu hizo bila kuuliza na mgeni huzihitaji zile makala. Na kila makala ipewe mstari mmoja wa maelezo, wala safu isiwe nyembamba mno, kwani Kiswahili kina vitenzi virefu: neno kama walipokutanishwa lina herufi 16, nalo likiingia katika safu ya upana wa vidole viwili, iliyonyoshwa kingo zote mbili, hufungua mito ya weupe kutoka juu hadi chini. Ipange safu ianzie sawa kushoto na kulia iachwe huru. Na neno likilazimu kukatwa, likatwe baada ya irabu, pale ulimi unapopumzika, wala usizitenganishe m na b za mb, au ng' na alama yake ya ritifaa.

Kazi ikiisha, chapa jalada kwa ukubwa wake halisi, ulipeleke kwa muuza magazeti wa karibu nawe, umsalimu vizuri, umwombe alipange pamoja na mengine kwa dakika tano namna apangavyo yeye. Usimwelekeze. Vuka barabara, usimame upande wa pili penye kivuli, ulitazame. Mimi hufanya hivyo mpaka leo, na yule bwana wa stendi, ambaye ndevu zake sasa ni nyeupe kuliko zangu, bado hulilaza chini ya mengine, vidole vinne tu juu.